Mbio za porini na rafiki yako: maswali tunayoulizwa Lubumbashi

Mimi ni kopiloti, yaani msoma njia wa dereva katika mbio za magari. Ninakaa kiti cha kushoto ndani ya gari la rafiki yangu, yeye yuko kulia kwenye usukani, na Jumapili nyingi za kiangazi tunarudi mjini tukiwa wekundu kama matofali. Hatulipwi na mtu. Yeye anauza vipuri, mimi ninafundisha hesabu. Watu hutuuliza maswali yale yale kwa fundi, kwa kwado (fundi wa tairi), hata kwenye matanga, basi nimeyaandika.

Mbio za porini ni zipi hasa?

Ni mashindano ya nje ya lami: udongo mwekundu, mchanga, matope, mawe, majani marefu. Wengi wanadhani ni magari kukimbizana bega kwa bega kama kwenye filamu. Hilo ni nadra, na kwa vumbi letu lingekuwa wazimu. Katika mbio za muda, gari moja linaondoka, linapewa nafasi ya dakika kadhaa, ndipo la pili linafuata. Saa ndiyo inayoamua. Katika mbio za kutafuta njia unapewa kitabu cha njia, na mshindi ni yule aliyepita vituo vyote bila kupotea. Kuna pia mashindano ya vizuizi, ya polepole sana, ambapo kupita tu ni ushindi. Anayeanza aanze na ya kutafuta njia. Hayaui gari, na yanakuonyesha upesi kama wewe na mwenzako mnaelewana.

Siwezi kukimbia peke yangu?

Kwa pikipiki unaweza. Kwa gari, huwezi kutazama shimo na kusoma karatasi kwa jicho lile lile. Thierry Sabine, Mfaransa aliyeanzisha mbio za Paris–Dakar, alipotea jangwani Libya mwaka 1977 akiwa peke yake juu ya pikipiki, na alinusurika kidogo tu. Ni katika kupotea huko wazo la mbio zile lilizaliwa, na msafara wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Ninapenda kumkumbusha hayo kila dereva anayesema kopiloti ni mzigo.

Rafiki wa namna gani anafaa?

Usimtafute anayejua sana magari. Mtafute yule ambaye umeshamwona akichoka, akiwa na njaa, akiwa amekosea, na bado mkaongea. Kabla ya kununua hata kofia moja, fanyeni safari ya kawaida: nendeni Likasi na kurudi siku moja, katikati ya malori ya madini, yeye aendeshe kwenda na wewe kurudi. Ni kama kilomita 120 kila upande. Lori likiwakatia njia, angalia anafanya nini. Akianza kulifuata ili amwonyeshe dereva wake adabu, huyo abaki rafiki wa kunywa naye chai.

Kabla ya huyu wa sasa nilikuwa na mwingine, mtu mzuri, mcheshi, ambaye hakuwahi kutamka neno «sijui». Tukifika kwenye njia panda, anasema kushoto. Ukimuuliza una hakika, anasema kushoto kwa sauti kubwa zaidi. Siku moja kushoto hiyo ilitufikisha kwenye uwanja wa mashimo ya wachimbaji, yale yaliyoachwa wazi, majani yameyafunika. Tulisimama mita chache kutoka la kwanza. Hakuna aliyeumia, lakini jioni ile nilimwambia kwa upole kwamba nitaendelea kula bukari (ugali) kwake, si kupanda gari naye.

Kopiloti anayesema «sijui, simama» anapoteza sekunde 20. Anayebahatisha anapoteza saa zima, kama mna bahati.

Nani ashike usukani?

Kwa kawaida mwenye gari. Lakini wekeni sharti moja kabla ya kuondoka: neno «simama» haliulizwi sababu. Likitamkwa na yeyote, mguu unakwenda kwenye breki, sababu inajadiliwa gari likiwa limetulia. Sisi tumelitumia mara nne. Mara mbili nilikuwa nimekosea mimi, na mwenzangu hakunicheka, ndiyo maana mara ya tatu sikuogopa kulisema.

Kopiloti anafanya nini, zaidi ya kushika mlango?

Anafanya hesabu. Kitabu cha njia kina safu: umbali tangu mwanzo, umbali tangu alama iliyopita, mchoro mdogo, na maelezo. Michoro hiyo huitwa ya tulipu, kwa jina la rali ya Uholanzi. Nukta ya chini ni mahali unapotoka, mshale ni mahali unapokwenda, na vijitawi ni njia usizozifuata. Alama ya mshangao moja ni hadhari, mbili ni hatari, tatu maana yake punguza mpaka utambae. Wakati mwingine hakuna njia ya kuchora, unapewa nyuzi za dira tu.

Kazi ngumu si kusoma, ni kusoma kwa wakati. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukisema «kona kulia» mkiwa mita 20 kutoka kwenye kona, umemsimulia dereva ajali, hukumwonya. Mimi husema mita 150 kabla, kisha narudia neno moja tu tukifika: «sasa». Na ninasema kwa mpangilio ule ule daima: umbali, upande, hatari. «Mia mbili, kushoto, shimo.» Dereva haulizi tena, kwa sababu sikio lake limeshazoea mahali pa kila neno.

Makosa mengi ya hesabu yanaletwa na tairi. Chukua gari lililotoka kiwandani na tairi za 265/70R16, halafu mweke za 285/75R16 kwa sababu zinapendeza. Tairi mpya ni kubwa kwa takriban asilimia 7. Odometa, kile kipima umbali cha gari, haijui. Mkitembea kilomita 30, yenyewe inaonyesha 28, na wewe unatafuta njia panda ambayo mliipita kitambo. Tunachofanya ni kupima: tunachukua kipande cha barabara chenye urefu unaojulikana, tunakipita mara mbili, tunaandika tofauti kwenye kipande cha plasta juu ya dashibodi. Wanafunzi wangu wanaouliza uwiano unasaidia nini maishani nimewaonyesha plasta ile.

Nikisoma ndani ya gari natapika. Basi siwezi?

Unaweza, polepole. Usiinamishe kichwa, inua karatasi ifike usawa wa kifua, na macho yasome mstari mmoja kisha yarudi mbele. Kula kidogo asubuhi, mkate mkavu, si sombe (majani ya muhogo) ya jana. Tangawizi husaidia wengine. Dawa za kichefuchefu nyingi huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia na uzijaribu siku ambayo si ya mbio. Mimi nilitapika mbio tatu za kwanza. Mfuko uko mlangoni hadi leo, kwa heshima.

Gari gani la kuanzia?

Lile ambalo kila fundi wa Kenya au Kamalondo, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, anaweza kulifungua akiwa amefumba macho. Kwetu hiyo maana yake mara nyingi ni Toyota: Hilux, Land Cruiser ya zamani, Prado. Vipuri vipo, na injini zake za mazutu (dizeli) hazichagui sana mafuta. Msione aibu ya gari lililotumika. Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda Safari Rally ya mwaka 1965 wakiwa na Volvo PV544 ambayo si mpya, mbele ya magari ya timu za viwanda vyenyewe.

Jambo moja la hapa: sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yana usukani kulia. Porini haina tatizo, ila kopiloti anakuwa upande wa kushoto, na ni yeye anayeona gari linaloshuka kutoka mbele mkiwa nyuma ya lori. Kwa hiyo hata kwenye lami ya kwenda kwenye mbio, kupita lori ni uamuzi wa macho yangu. Mwenzangu huuliza «njoo?», mimi najibu «njoo» au sijibu. Kimya maana yake hapana.

Tena tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo) hupungukiwa nguvu karibu sehemu moja ya kumi. Msimlaumu fundi.

Tubadilishe nini kwanza?

Viti, mikanda, tairi, ulinzi wa chini ya injini. Baada ya hapo chujio la hewa. Taa za kumetameta juu ya paa mwisho kabisa, nazo najua ndizo mtakazonunua kwanza.

Kofia na fremu ya paa ni lazima hata kwa mbio ndogo?

Ndiyo, na hapa sina mzaha. Kofia ya pikipiki ni bora kuliko kichwa kitupu, lakini imetengenezwa kwa mtu anayeanguka barabarani mara moja. Ya gari imepimwa kwa kichwa kinachogonga bomba mara kadhaa, na kwa moto. Tafuta kibandiko cha Snell (taasisi inayopima kofia) chenye herufi SA, au cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), ndani ya kofia yenyewe na si kwenye boksi. Kofia iliyowahi kugonga kitu kwa nguvu imekwisha kazi, hata kama inang'aa.

Fremu ya mabomba inayozuia paa lisiwabonyee ichomelewe na fundi anayejua maana yake. FIA inataka bomba la chuma lisilo na mshono. Kwa upinde mkuu ni kipenyo cha milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba la maji ni la maji. Nimeona fremu nzuri sana kwa macho, imepakwa rangi nyekundu, imechomelewa juu ya bati la sakafu bila sahani ya chuma chini yake. Gari likipinduka, bomba hilo linatoboa sakafu kama kijiti kwenye karatasi.

Mikanda ina tarehe. Iliyopitwa isivaliwe, nyuzi zake zinachoka na jua. Kizima moto cha angalau kilo 2 kiwekwe mahali ambapo wote wawili mnakifikia mkiwa mmefungwa mikanda. Jaribuni kweli, msikisie.

Upepo wa tairi uwe kiasi gani?

Kwenye lami tunakwenda na baa 2.2 hadi 2.4, ambazo kwa kwado huitwa kilo. Kwenye mchanga tunashusha hadi 1.3 hivi, tairi inalala na kuwa pana. Kwenye mawe hatushuki chini ya 1.8, kwa sababu ubavu laini unachanika. Beba kompresa, na ukirudi kwenye lami ujaze kabla ya kukimbia. Tairi yenye upepo mdogo kwenye lami inachemka hadi ipasuke.

Na vumbi?

Vumbi la Katanga ni unga. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, kila kituo tunafungua chujio na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje. Ukilipuliza kinyume unausukuma uchafu ndani ya injini. Ukiwa nyuma ya gari lingine na huoni, usibahatishe. Punguza mwendo, subiri upepo ugeuze vumbi.

Hatari ambayo wageni hawaijui ni majani makavu. Mwezi wa nane majani yanapita chini ya gari, yanajibana juu ya bomba la moshi, yanaanza kufuka. Tunasimama kila baada ya saa moja, mmoja anainama na ndoano ya waya na kuyatoa. Ukisikia harufu ya majani yanayoungua, usiseme labda ni wanakijiji wanachoma pori. Inama.

Masika tunaweza kukimbia?

Novemba hadi Aprili kuna matope matamu, na kuna dembo. Dembo ni bonde la majani, tambarare, la kijani, linakuita kama uwanja wa mpira. Chini yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika magurudumu hadi ekseli. Sheria yetu: kopiloti anashuka na kulivuka kwa miguu kwanza. Mguu ukizama hadi kifundo, gari litazama hadi mlango.

Mto nao unavukwa kwa miguu kabla ya gari, na fimbo mkononi. Maji yakiingia kwenye bomba la kuvuta hewa, injini inajaribu kuyabana, nayo hayabaniki. Vyuma vya pistoni vinapinda. Injini ikizimika majini usiiwashe tena. Ivute nje kwanza.

Tukikwama?

Vichuguu vyetu husaidia. Huku kuna vichuguu vya urefu hata mita nane, vigumu kama saruji, na miti huota juu yake. Mti wa juu ya kichuguu ni nanga nzuri kwa winchi, ile mashine ya kujivuta iliyo kwenye gari. Ufungeni kwa mkanda mpana, si waya, usije waya ukalikata ganda na mti ukafa. Weka koti zito juu ya kamba ya winchi ili ikikatika isiruke, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wake. Rafiki yangu ana tabia ya kusimama karibu ili «aone vizuri». Nimemfukuza kwa koleo.

Tunakimbia wapi? Tunahitaji ruhusa ya nani?

Ardhi yote ina mwenyewe. Kuna wenye makonsesyo (maeneo ya kibali) ya migodi, kuna mashamba, kuna chifu, kuna msimamizi wa teritware (kama wilaya), kuna polisi. Anza kwa chifu, na usifike mikono mitupu. Halafu andika barua kwa wengine, upate nakala yenye muhuri, ubebe nakala tatu ndani ya gari, kwa sababu kizuizi cha kwanza kitataka kubaki na moja. Hifadhi za Kundelungu na Upemba si mahali pa mbio, hata kama mtu amekwambia anamjua mlinzi.

Njia ya mbio lazima ifungwe, na watu wa kila kijiji wajulishwe siku kadhaa kabla, si asubuhi ile. Barabara zetu za porini ni barabara za makala, yaani makaa. Kijana anasukuma baiskeli yenye magunia matatu, haoni nyuma, hawezi kuruka pembeni, na mzigo ule ndio ada ya shule. Mbio zetu zikimkuta njiani, kosa ni letu. Tukimwona, saa inasimamishwa na tunampisha. Kundi likikataa kanuni hiyo, tafuta kundi lingine.

Gharama tunagawanaje?

Urafiki mwingi huvunjikia hapa, si kwenye mawe. Sisi tuna daftari. Vitu vinavyoisha, yaani mazutu, chakula, ada ya kuingia, kazi ya kwado, ni nusu kwa nusu. Vitu vinavyobaki kwenye gari, kama winchi au springi, ni vya mwenye gari, hata kama mimi ndiye niliyesema tuvinunue. Kinachovunjika wakati wa mbio ni nusu kwa nusu kwa bei ya kipuri kilichotumika. Akitaka kipya anaongeza mwenyewe.

Andikeni deni kwa sarafu moja. Mwanzoni tulichanganya dola na faranga, na kila tulipohesabu, kiwango kilikuwa kimebadilika. Tukabishana wiki mbili juu ya bei ya geaboksi ambayo tulikuwa tumeshailipa. Na hesabu ifungwe jioni ile ile, kabla ya kuoga. Ukishaoga unasahau ulivyokuwa mkarimu.

Bima ya gari inatulipa?

Mkataba wa kawaida mara nyingi hauhesabu mashindano. Usome, hasa maandishi madogo, kisha ukimbie kama mtu asiye na bima.

Gari likipinduka?

Mikono ndani. Usiitoe nje kulishika paa, watu hupoteza vidole hivyo. Likitulia, dereva anazima swichi ya umeme. Mkiwa vichwa chini, msifungue mkanda kwa pupa: kanyaga mbele kwa miguu, weka mkono mmoja kwenye paa, ndipo ufungue. La sivyo unaangukia shingo. Kopiloti anatoka kwanza, anaweka pembetatu angalau mita 50 kabla ya gari, kisha anawaonyesha wanaokuja ubao: OK wa kijani ikiwa wote wazima, SOS mwekundu ikiwa kuna aliyeumia. Gari la nyuma likiona SOS linasimama, mbio zimekwisha kwake.

Ukikosa ubao, hakuna atakayejua. Simu huko mara nyingi haina mtandao. Kabla ya kuondoka tunamwachia mtu mmoja mjini karatasi ya njia na saa ya mwisho. Ikipita bila sisi kupiga simu, anaanza kutafuta. Mtu huyo ni mke wa rafiki yangu, na ndilo jibu la swali linalofuata.

Nyumbani hawataki. Tufanyeje?

Msiwadanganye kwamba mnakwenda kwenye ibada. Wapeni karatasi.

Tukigombana ndani ya gari?

Mtagombana. Sauti ikipanda, tunasimama dakika mbili, kila mmoja anakunywa maji upande wake wa gari. Maji tunabeba lita tano kwa kila mtu, na nusu yake nadhani huishia kwenye ugomvi.

Tunaondoka saa ngapi?

Juni na Julai jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kuna baridi inayowashangaza watu wa Kinshasa. Saa kumi na moja tunapasha injini, tunakunywa chai na mikate, tunahesabu kofia, maji, karatasi. Bado ni giza tunapotoka mjini, na baiskeli za makala zinakuja kinyume chetu bila taa, moja baada ya nyingine. Hadi tupite kijiji cha mwisho, mwendo ninaupanga mimi.